Akili ikitoroka irudishe, usigombane nayo

MALALAMIKO haya husikika mara kwa mara misikitini na katika darsa zetu. Mtu amemaliza swala ya faradhi, ameshika tasbihi, ameanza Subhanallah yake mara 33. Ulimi unatamka, vidole vinasogeza punje moja baada ya nyingine, lakini akili haipo. Iko sokoni inahesabu mzigo. Iko shuleni inatafuta ada ya mtoto. Iko kwa jirani inarudia maneno ya ugomvi wa jana, tena safari hii inatoa majibu makali ambayo jana hayakupatikana. Anaposhtuka, punje zimekwisha na hakumbuki alizipitaje.

Baada ya hapo watu hugawanyika makundi matatu. Wa kwanza hukasirika, akaanza kuhesabu upya, na safari ya pili akili ikatoroka mapema zaidi kuliko ya kwanza. Wa pili hujituhumu unafiki. Wa tatu hufanya hesabu rahisi: kama moyo haupo, basi dhikri hii haina maana, bora niiache mpaka nitakapokuwa mtu mzuri zaidi. Huyu wa tatu ndiye tunayemuandikia hasa makala hii, kwa sababu siku hiyo ya kuwa mtu mzuri zaidi huwa haifiki, na uradi ukishaachwa ni nadra kurudiwa.

Ndugu msomaji, tunachotaka kukieleza ni kitu kimoja tu. Kazi ya mwenye kurudia neno kwa ajili ya kuutuliza moyo si kuzuia wazo lisije, maana hilo hakupewa mwanadamu uwezo nalo. Kazi yake ni kurudi kila anapogundua ametoka. Kurudi huko ndiyo ibada yenyewe na ndiyo mazoezi yenyewe. Anayerudi mara mia katika dakika kumi hakushindwa mara mia, bali amefanya kazi yake mara mia.

Kauli hii si ngeni kwa maulamaa wetu, kama tutakavyoona. Lakini ni vizuri kwanza tuangalie wengine waliohangaika na tatizo hili hili, kwa sababu uzoefu wao unatuonesha kuwa kutangatanga kwa mawazo ni jambo la maumbile ya binadamu, si balaa lililokuangukia wewe peke yako.

Tatizo la kale

Katika Bara Hindi upo utaratibu mkongwe wa kukaa kimya na kurudia neno au maneno machache, kwa sauti au kimoyomoyo. Maneno hayo huitwa mantra, na neno lenyewe ni la Kisanskriti linalotokana na mzizi wenye maana ya kufikiri. Tendo la kuyarudia huitwa japa, na wanaolifanya huhesabu kwa uzi wenye punje 108.

Tatizo lao ni lile lile. Katika kitabu cha Wahindu kiitwacho Bhagavad Gita, sura ya sita, anatajwa shujaa Arjuna akimlalamikia mwalimu wake kuwa akili ni kitu kisichotulia, na kuikamata ni kugumu kama kukamata upepo. Mwalimu hakumkatalia. Alikiri kuwa ni vigumu, kisha akamwambia kuwa inawezekana kwa mazoezi ya kudumu na kwa kupunguza tamaa. Hakumuahidi kuwa ipo siku upepo hautavuma.

Katika miaka ya mwisho ya 1950 alitokea Mhindi mmoja, Maharishi Mahesh Yogi, akaanza kuusambaza utaratibu huo nchi za Magharibi kwa jina la Transcendental Meditation. Mwanafunzi hupewa mantra yake kwa faragha na huelekezwa akae dakika 20 asubuhi na dakika 20 jioni. Mwaka 1967 kundi maarufu la muziki la Uingereza, The Beatles, lilikutana naye, na mwaka 1968 wakamfuata hadi Rishikesh, kaskazini mwa India. Kuanzia hapo jambo hilo likawa gumzo la dunia nzima. Katika mafundisho yake, mwanafunzi hakutakiwa kupigana na mawazo. Akigundua kuwa mantra imempotea, airudie taratibu bila kujilazimisha.

Daktari na neno moja

Umaarufu huo uliwavuta watu wa sayansi. Herbert Benson, daktari wa moyo wa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani, alishiriki kuwapima watu waliokuwa wakifanya mazoezi hayo. Ilionekana kuwa wakati wa zoezi pumzi hupungua kasi, mapigo ya moyo hushuka, na mwili hutumia hewa kidogo zaidi ya oksijeni. Mwaka 1975 alitoa kitabu chake The Relaxation Response, ambacho kilinunuliwa sana.

Hoja ya Benson ilikuwa kwamba utulivu huo wa mwili hauhitaji mantra ya siri wala sherehe ya kupewa. Unahitaji mambo machache: mahali patulivu, mkao usiochosha, neno moja la kurudiwa kila pumzi inapotoka, na hali ya kutojali mawazo yanayopita. Kwa asiye na neno lake, alipendekeza neno “moja”. Baadaye akasisitiza kuwa mgonjwa mwenye dini atumie neno la dini yake, kwa kuwa atalidumisha zaidi.

Katika mambo hayo, Benson alilipa uzito mkubwa lile la mwisho. Mawazo yatakuja, alifundisha. Yakija, mtu asijisumbue kujiuliza kama anafanya vizuri au vibaya. Ajisemee moyoni kitu mfano wa “haya, basi,” kisha arudi kwenye neno lake.

Kwa nini kugombana hakusaidii

Huenda msomaji akauliza, kwa nini nisilifukuze wazo kwa nguvu? Mimi ndiye mwenye akili yangu.

Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake walichapisha jaribio lao mashuhuri lililofanyika katika Chuo Kikuu cha Trinity, Texas. Wanafunzi waliambiwa wakae dakika tano wakisema kwa sauti kila kinachopita akilini, ila wasifikirie dubu mweupe. Akija dubu, wagonge kengele. Kengele ziligongwa, tena zaidi ya mara moja kwa dakika. Halafu wakaruhusiwa kumfikiria dubu watakavyo. Dubu akawajia kwa wingi kuliko alivyowajia wenzao ambao tangu mwanzo waliruhusiwa kumfikiria.

Wegner alieleza sababu yake hivi. Ukijikataza wazo, sehemu moja ya akili hufanya kazi ya kulisukuma nje, na sehemu nyingine hubaki mlangoni ikichungulia kama limerudi. Huyo mchunguliaji, ili ajue anachokitafuta, hana budi kukibeba kichwani. Kwa hiyo ulinzi wenyewe ndio unaomuita mwizi. Ndiyo maana yule ndugu yetu wa kundi la kwanza, aliyekasirika na kuanza upya, alitoroka mapema zaidi. Safari ya kwanza alikuwa na wazo moja la ugomvi wa jana. Safari ya pili alikuwa na mawili: ugomvi wa jana na hofu ya kuukumbuka.

Aidha, mwaka 2010 watafiti Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Harvard walitoa utafiti wao katika jarida la Science. Walitumia programu ya simu kuwauliza watu wazima 2,250, kwa nyakati za kushtukiza, wanafanya nini na kama akili yao iko kwenye hicho wanachofanya. Katika asilimia 46.9 ya majibu, akili ilikuwa kwingine. Hawa walikuwa watu wa kawaida katika shughuli zao za kawaida. Kwa hiyo mtu aliyekaa kufanya dhikri na akili ikaondoka, hakuletewa maradhi na dhikri. Alikuwa nayo siku nzima, ila kelele za siku zilimficha asiyaone. Alipokaa kimya ndipo alipoyaona.

Duara la hatua nne

Utafiti mwingine una faida kubwa zaidi kwa somo letu. Mwaka 2012 Wendy Hasenkamp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, waliwaweka watu 14 waliozoea taamuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo kwa dakika 20. Hawa walikuwa wakifuatilia pumzi, si neno, lakini kazi ni ya aina moja. Kila mmoja alipogundua kuwa akili imetoroka, alibonyeza kitufe na kurudi kwenye pumzi.

Picha zilionesha duara la hatua nne. Kwanza, akili inatangatanga. Pili, mtu anagundua. Tatu, anaigeuza akili kurudi. Nne, anatulia kwenye kile alichokikusudia, mpaka akili itoroke tena. Na kila hatua iliendana na kazi ya sehemu zake za ubongo. Hao walikuwa watu wenye uzoefu, na bado walibonyeza kitufe tena na tena.

Tuzingatie hapa ile hatua ya pili. Kugundua kuwa umetoka si sehemu ya kutoka, bali ni mwanzo wa kurudi. Dakika ile unapojisemea “aah, kumbe nilikuwa sokoni”, tayari hauko sokoni. Wengi wetu dakika hiyo ndiyo tunayoitumia kujitukana, ilhali ndiyo dakika ya kushukuru. Nahodha wa jahazi hamlaani Mola kwa sababu upepo umeusogeza mshipa wa njia yake. Anagusa usukani kidogo, anarudi kwenye dira yake, na baada ya muda anagusa tena. Anayefika Unguja ni yule aliyerekebisha mara nyingi, si yule ambaye hakusukumwa na upepo hata mara moja.

Dhikri si mantra

Kabla hatujaendelea lazima tuweke mpaka. Kutaja uzoefu wa watu wa mantra si kumuita Muislamu kwenye mantra. Maneno mengi ya mantra ni majina na sifa za miungu wa Kihindu, na sherehe ya kumuingiza mwanafunzi wa Transcendental Meditation huwa na nyimbo za Kisanskriti na sadaka za maua na matunda mbele ya picha ya mwalimu wa Maharishi. Wasambazaji wake walidai kuwa si dini. Jambo hilo lilifikishwa mahakamani huko New Jersey, Marekani, baada ya kuanza kufundishwa katika shule za umma. Mwaka 1977 mahakama ya shirikisho iliamua kuwa mafundisho hayo yana sura ya dini, na mwaka 1979 mahakama ya rufaa ikaunga mkono uamuzi huo.

Tofauti nyingine iko kwenye lengo. Benson alitafuta utulivu wa mwili, na neno kwake lilikuwa chombo tu, “moja” lilitosha. Muislamu hamtaji Mola wake ili mapigo ya moyo yashuke. Anamtaja kwa kuwa anastahiki kutajwa, na utulivu ni tunda. Kwa hiyo maana ya neno ina uzito kwetu ambao haukuwepo katika maabara. Pamoja na hayo, akili inayotoroka ni ile ile moja, na elimu ya namna inavyotoroka inatufaa, kama elimu ya daktari asiye Muislamu inavyotufaa tunapougua.

Maulamaa wetu walilijua

Tukirudi nyumbani tunakuta tatizo hili limetajwa wazi tangu zama za Mtume (s.a.w). Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a) iliyomo kwa Bukhari na Muslim, tunaelezwa kuwa shetani hukimbia adhana, kisha hurejea akamuingilia mwenye kuswali baina yake na nafsi yake, akimkumbusha hili na lile ambalo hakuwa akilikumbuka, mpaka asijue ameswali rakaa ngapi. Hadithi haikusema kuwa mtu huyo ni mnafiki. Haikumuamuru airudie swala yake tangu mwanzo kwa kuwa akili ilitoka. Ilimpa sijda mbili za kusahau. Yaani sheria yenyewe imeweka njia ya kurudi kwa sababu inajua kuwa kutoka kupo.

Swahaba Uthman bin Abil-As (r.a) alikwenda kumshitakia Mtume (s.a.w) kuwa shetani anamvurugia swala na kisomo chake. Muslim amepokea kuwa Mtume (s.a.w) alimtajia jina la shetani huyo, Khinzab, akamwelekeza amtake Allah hifadhi naye na ateme kidogo kushotoni mara tatu. Akafanya hivyo, na Allah akamuondolea. Tuangalie ufupi wa dawa yenyewe. Hakuelekezwa kujadiliana na wasiwasi wala kuchunguza umetoka wapi. Kinga fupi, kisha arudi kwenye swala yake.

Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, amelizungumzia jambo hili kwa urefu katika Ihya, kwenye mlango wa siri za swala. Alizigawa sababu za kutangatanga kuwa za nje na za ndani. Za nje ni zile zinazoingia kwa jicho na sikio, na dawa yake ni kuziondoa: kuswali karibu na ukuta, mahali pasipo na mapambo na vishughulisho. Za ndani ni mahangaiko ya dunia, na hizo hata ukifumba macho zipo. Kwa hizo akataka mtu aivute nafsi yake ifahamu kile anachokisoma, na aimalize shughuli yake kabla ya kusimama.

Kisha akatoa mfano wa mtu aliyetaka kutafakari chini ya mti. Ndege wakawa wanapiga kelele matawini. Akachukua fimbo akawafukuza, akarudi kwenye fikra zake; ndege wakarudi; akachukua tena fimbo. Akaambiwa kuwa kwa mwendo huo hatomaliza, na kama anataka kusalimika, aukate mti. Mti, kwa Ghazali, ni matamanio ya nafsi, na shina lake ni kuipenda dunia.

Na Ibn Ata’illah wa Misri, aliyefariki mwaka 1309, katika Hikam zake anamuusia mtu asiache dhikri kwa sababu moyo wake haupo ndani yake. Hoja yake ni kuwa kughafilika ukiwa umeiacha kabisa ni kubaya zaidi kuliko kughafilika ukiwa ndani yake, na huenda Allah akampandisha mtu daraja kwa daraja kutoka dhikri ya ulimi mpaka dhikri ya moyo uliohudhuria. Hilo ndilo jibu la yule ndugu yetu wa kundi la tatu, na lina zaidi ya miaka 700.

Mawazo hayafanani

Kutokana na hayo, ni vema kuyagawa mawazo yanayokuja katika mafungu matatu, maana kila fungu lina tiba yake.

Fungu la kwanza ni mpita njia. Ni sauti ya pikipiki nje, ni sura ya mtu uliyemuona asubuhi, ni wimbo uliousikia kwenye daladala. Hana shida na wewe. Usipomkaribisha kiti, atapita. Huyu ndiye wa kuambiwa “haya, basi” na kuachwa.

Fungu la pili ni mdai. Ni deni la mtu, ni amana, ni chungu jikoni, ni mgonjwa anayesubiri dawa. Huyu anarudi kwa sababu ana haki. Bukhari amepokea kutoka kwa Uqba bin Harith (r.a) kuwa Mtume (s.a.w) alipotoa salamu ya swala ya Alasiri aliinuka haraka, watu wakashangaa. Akawaeleza kuwa amekumbuka dhahabu iliyokuwa nyumbani kwake, akachukia ilale kwake, akaamuru igawiwe. Wazo lilikuja, swala ikakamilishwa, na haki ikalipwa mara moja baada ya swala. Mdai hanyamazishwi kwa fimbo, analipwa. Na kwa maana hiyo hiyo imekatazwa mtu kuswali chakula kikiwa kimeshaandaliwa naye anakitamani.

Fungu la tatu ni mti wa Ghazali. Ni lile wazo linalorudi kila siku, wiki hadi wiki, kwa sura tofauti: husuda kwa mtu fulani, uchungu wa kutukuzwa au kudharauliwa, pupa ya mali. Hili usilimalizie kwenye tasbihi. Dhikri imekuonesha mti ulipo. Kazi ya kuukata inafanywa nje ya msala: kusamehe, kuomba radhi, kupunguza mashindano, kutoa sadaka.

Nini cha kufanya

Kwa anayetaka utaratibu wa vitendo, tunapendekeza haya:

Kwanza, andaa mahali. Zima simu, wala usiigeuze tu kifudifudi, maana ikitikisika umekwisha. Kama kuna jambo unaogopa kulisahau, liandike kwenye karatasi kabla hujakaa. Likishaandikwa, akili haina haja ya kulikariri.

Pili, jua maana ya unachokitamka. Asiyejua maana ya Alhamdulillahi hana cha kushikia akili yake isipokuwa sauti. Fahamu neno moja moja, na ikibidi muulize ustadhi.

Tatu, punguza kasi. Wengi tunazisukuma punje kama anayekimbilia basi. Kasi ikizidi, ulimi hujiendesha wenyewe na akili hupata likizo.

Nne, ukigundua umetoka, usikasirike na usilifuatilie wazo kujua limetokea wapi. Rudi pale pale. Usianze kuhesabu upya kwa ajili tu ya kuwa akili iliondoka. Kama idadi imekupotea, shikilia ile uliyo na yakini nayo na uendelee.

Tano, wazo likiwa mdai, liambie “baada ya hapa”, na kweli baada ya hapo litekeleze. Akili ikizoea kuwa ahadi yako ni ya kweli, hutulia. Ikizoea kuwa unaihadaa, itakung’ang’ania.

Sita, chagua kiasi kidogo utakachokidumisha. Mtume (s.a.w) ametufundisha kuwa amali ipendwayo zaidi na Allah ni ile ya kudumu hata kama ni chache. Mara 33 za kila siku ni bora kuliko elfu moja za Ramadhani peke yake.

Saba, usiipime dhikri ya leo kwa utulivu ulioupata leo. Kuna siku moyo utakuwa mwepesi na kuna siku utakuwa jiwe. Ulichoamrishwa ni kutaja.

Je, si kuhalalisha uzembe?

Hapana shaka wapo watakaosema kuwa maneno haya yanawapa watu udhuru wa kuswali na kutaja bila khushui. Hofu yao ina msingi. Suratul Muuminun inawataja waumini waliofaulu, na sifa yao ya kwanza ni khushui katika swala. Na katika hadithi ya Ammar bin Yasir (r.a) tumeelezwa kuwa mtu anaweza kumaliza swala akaandikiwa nusu yake tu, au robo, hadi sehemu ya kumi. Kwa hiyo hasara ipo na si ndogo.

Lakini kuna tofauti kati ya wazo lililokuja na wazo lililokaribishwa. La kwanza limesamehewa, kwani Bukhari na Muslim wamepokea kuwa umma huu umesamehewa yale inayozungumza nafsi maadamu mtu hajayatenda wala kuyatamka. La pili ni chaguo. Mzembe ni yule aliyegundua kuwa yuko sokoni akaamua kubaki huko amalizie biashara yake. Tunayemtetea hapa ni yule aliyegundua akarudi, hata kama atarudi mara nyingi kiasi cha kuona haya.

Vilevile tusichanganye kutangatanga kwa kawaida na ugonjwa wa wasiwasi. Wapo wanaotawadha mara kumi kwa swala moja, wanaorudia takbira mpaka imam anarukuu, au wanaojiwa na mawazo ya kutisha kuhusu dini yao mpaka hawalali. Hao wasiambiwe kuwa imani yao ni dhaifu, wala wasizidishiwe nyuradi juu ya nyuradi. Hali hiyo madaktari wanaifahamu na ina tiba. Mwenye nayo apelekwe hospitali kwa daktari wa magonjwa ya akili, pamoja na dua na nasaha ya mwanachuoni mwenye hekima. Na yeyote ambaye kukaa kimya peke yake kunamzidishia hofu badala ya kumpunguzia, asijilazimishe vikao virefu. Afanye dhikri yake akitembea au akiwa kazini, jambo ambalo dini yetu imeliruhusu kwa upana.

Tunarudi kwa yule ndugu aliyeiweka tasbihi yake kabatini akisubiri moyo utulie kwanza. Ndugu yetu, moyo hautulii kwanza ndipo mtu akamtaja Mola wake. Ichukue leo baada ya Magharibi. Akili itatoroka kabla hujafika punje ya kumi. Irudishe. Itatoroka tena. Irudishe tena, kwa upole ule ule ambao ungemrudishia mtoto wako mdogo aliyetoka mlangoni. Na mwisho wa punje zako usiulize ulitoka mara ngapi. Shukuru kwa idadi ya mara ulizorudi.

Wabillahi tawfiq.